Sigara Juu ya Mafiga Yangu

Mume wangu aliacha sigara nyumbani kwa mke mwenzangu. Hakuachia kwangu, mimi niliyempigia kelele miaka sita. Aliachia kule nyumba ya chini, kwa mwanamke aliyekuja juzi. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, na nitalieleza kama lilivyokuwa, hata pale ambapo aibu ni yangu.

Wakati ule Mwingereza alikuwa bado yupo. Sisi tulikaa mlimani, juu ya Lushoto, mwendo wa saa nzima kutoka sokoni kama huna mzigo kichwani. Mume wangu alikwenda vitani havuti, akarudi anavuta. Wengi walirudi hivyo. Huko jeshini waligawiwa sigara kama sisi tunavyogawiana chumvi, na mtu akigawiwa kitu kila siku mwishowe anakiona ni chakula chake. Alirudi na koti la kijeshi, blanketi moja na kikohozi.

Akaingia kazi ya kupasua mbao msituni. Kwa wasioijua kazi ile, gogo la mti wa mkulo linalazwa juu ya shimo. Mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake anaingia shimoni, na msumeno mrefu unakwenda kati yao, juu, chini, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Wa juu akivuta, wa chini anaachia. Wa chini akivuta, wa juu anaachia. Ni kazi ya pumzi. Mume wangu alikuwa wa chini, vumbi lote la mbao likimwangukia yeye, na wakipumzika kidogo tu anawasha sigara, moshi unalifuata vumbi kifuani.

Nilimsema. Mimi si mtu wa kuzungusha maneno, wajukuu wangu wanajua. Nilimwambia ananuka kama tanuri. Nilimwambia atakufa aniachie watoto na mbuzi. Nilimsema mbele ya ndugu zake, nikamsema mbele ya mama yake, nikamsema anapokula na anapovaa viatu. Yeye alikuwa anacheka, au anaondoka.

Sasa kuna jambo moja sikuliona miaka yote ile. Kwetu mwanaume hatii mkono kwenye mafiga ya mwanamke. Mafiga ni yangu, moto ni wangu. Viberiti vilikuwepo, lakini kwa ukungu wetu ule njiti zilikuwa zinalowa mfukoni, ukikwaruza zinapukutika. Kwa hiyo mume wangu akimaliza kula alikuwa ananyoosha mkono tu, nami nachomoa kijinga cha moto chini ya chungu, nampa. Mdomo wangu unamkaripia, mkono unampa moto. Miaka sita.

Kisha akaoa mke wa pili. Aliniambia mwenyewe, kwa adabu, nami sikulia. Nilimuuliza tu atajenga wapi, akaniambia chini, karibu na mgomba mkubwa. Mwanamke alitoka Bungu. Alikuwa mwembamba, mpole, na sauti yake ndogo mpaka unalazimika kumsogelea. Mimi sikumsogelea. Akipita ananipa, "Shikamoo dada," nami namjibu marahaba nikiangalia maharage yangu.

Tulipangiana zamu, siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Siku zake nilikuwa nasimama nyuma ya nyumba naangalia moshi unavyotoka kwenye majani ya paa lake. Moshi wa kupikia naujua. Nikiona mwingi najua anapika kitu kizito. Nikiona unakawia najua wamekaa wanaongea. Nilikuwa naona yote hayo, na hakuna mtu aliyeniambia niangalie.

Haukupita mwezi wa tatu, siku ya zamu yangu, mume wangu akamaliza makande yake, mimi nikachomoa kijinga kama kawaida nikamnyooshea. Hakupokea. Alikuwa na karafuu mdomoni na kipande cha mti mkononi, anakichonga na kisu.

"Rudisha moto wako, mama," akasema.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeacha."

Nikabaki na kijinga kinaniunguza vidole. "Umeacha tangu lini?"

"Leo siku ya kumi na mbili."

Siku kumi na mbili! Maana yake zamu zangu mbili zilizotangulia alikuwa anavuta kwangu? Hapana, nikakumbuka, zamu moja alikuwa na mfungo wa sunna, akifuturu anakwenda msikitini, na ya pili alilala msituni. Alikuwa ameacha mbele ya macho yangu nisione.

"Nani kakuachisha?"

Akakiangalia kile kipande cha mti. "Mdogo wako ananisaidia."

"Mimi nimekuomba miaka sita."

"Wewe hukuomba," akasema, wala hakupandisha sauti. "Wewe ulinikaripia."

Nilirudisha kijinga kwenye mafiga kwa nguvu, cheche zikaruka hadi kwenye kanga yangu. Yeye akaendelea kuchonga. Alikuwa anachonga mwiko wa kusongea ugali. Alipoondoka asubuhi, aliondoka nao.

Siku chache baadaye nilikwenda nyumba ya chini kwa kisingizio cha kuazima ungo. Mke mwenzangu hakuwepo, alikuwa mtoni. Nikaingia. Kwenye ukuta wa jikoni kwake palikuwa na miko inaning'inia kwa kamba. Nilihesabu. Kumi na mmoja. Mwanamke ana sufuria moja na chungu kimoja, miko kumi na mmoja ya nini? Mimi niliyemzalia watoto wanne nilikuwa nasonga ugali kwa mwiko niliopewa na mama yangu, umeungua ncha. Nikarudi kwangu bila ungo.

Sitajificha. Ningefurahi kama mtu mwenye akili, kwa sababu kikohozi kilikuwa kinapungua na mume alikuwa anapanda mlima bila kusimama. Sikufurahi. Nilitaka aache, lakini nilitaka aache kwa sababu yangu. Afadhali avute kuliko aachishwe na yule. Neno hili ni baya, na mimi ndivyo nilivyowaza.

Siku ya soko nikashuka Lushoto na kikapu cha matunda damu na maharage. Kabla ya kurudi nikaingia dukani nikanunua pakiti moja ya sigara. Muuzaji akaniuliza, "Mama, umeanza kuvuta?" Nikamwambia anipe alichoombwa.

Juu ya mafiga yangu kuna kichanja cha kukaushia kuni na mahindi ya mbegu. Nikaiweka pakiti pale ukingoni, mtu akiketi kwenye kigoda anaiona. Sikusema kitu. Jioni akaja, akala, akainua macho, akaiona. Akaniangalia. Mimi nikawa naosha bakuli.

"Hii ya nani?"

"Ya mgeni," nikasema. "Aliisahau."

Hakuigusa siku ile. Zamu iliyofuata akaiangalia tena, akachonga kidogo, akaweka kisu chini. Mvua ilikuwa inanyesha. Akasema, "Moja tu, mama, kwa baridi hii." Nami nikachomoa kijinga haraka, haraka kuliko siku zote. Safari hii sikukaripia. Nilikaa karibu yake. Akavuta, akacheka, akanisimulia habari za meli iliyowapeleka vitani, habari ambazo alikuwa hajanisimulia tangu arudi. Tulikaa kama watu waliooana jana.

Basi nikanunua nyingine. Akaanza kupita kwangu hata siku zisizo zangu. "Nimekuja kuwaangalia mbuzi," anasema. Mbuzi wenyewe wamefungwa nyuma, hageuki hata kuwatazama, anaingia moja kwa moja jikoni na macho yake yanakwenda kwenye kichanja. Nami nilijiambia kwamba ni mimi anayenifuata.

Kikohozi kikarudi, nikakisikia. Nikampikia tangawizi, nikaona nimefanya wajibu wangu.

Kisha alasiri moja akaja yule mwenzake wa msumeno. Alisimama uani, nguo zake zote nyekundu kwa vumbi la mkulo, wala hakutaka kukaa.

"Shemeji, mgosi wangu, bwana wako, yuko wapi?"

"Hajarudi. Si mko pamoja?"

"Ameondoka kabla yangu. Nilidhani amekuja kulala." Akajifuta uso. "Leo nusura aniue. Tuko katikati ya gogo, mimi juu, namwambia vuta, havuti. Kikohozi kimemkamata kule shimoni, ameachia mpini. Msumeno umebana, mimi nilikuwa nimeuegemea, nikaenda mbele na uzito wangu wote. Mguu huu umepita hapa, na meno ya msumeno hapa." Akanionyesha kwa mkono, na nafasi ile haikutosha kupitisha kitoto cha mbuzi.

"Pole, shemeji."

"Si wewe wa kunipa pole. Alikuwa ameanza kuwa mtu! Mwezi mzima nilikuwa napumzika mimi kabla yake. Sasa nini tena? Yule bibi harusi wa Bungu amemchoka?" Akacheka kidogo, cheko la hasira. "Mwambieni, nampa wiki hii tu. Akiendelea na moshi wake natafuta mtu mwingine wa shimoni. Mimi nina watoto."

Mpasua mbao asiye na mwenzake hana kazi. Nililijua hilo, na nililijua pale pale aliposema. Hata hivyo nilipomjibu nilisema nini? Nilisema, "Nitamfikishia mke mwenzangu." Nikamwacha huyu mwanaume aende zake akiamini kosa ni la nyumba ya chini.

Habari kwetu haikawii. Kesho yake mtoni wanawake walikuwa wanafua wakisema kwa mdomo mmoja. "Mke mdogo kamrudisha mwanaume kwenye moshi." "Alijifanya mganga." "Mchuzi wake umeisha utamu." Mmoja akanigeukia, "Wewe ulisema tangu mwanzo, sivyo?" Nikaendelea kukamua nguo yangu. Mke mwenzangu alikuwepo, hatua chache juu yetu, anasugua koti la kijeshi kwenye jiwe. Aliyasikia yote. Alilinusa lile koti, akalisugua tena.

Jioni yake alipanda kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia jikoni mwangu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa kwenye kigoda kile kile cha mume. "Nimekuja kuuliza nimekosea wapi. Kwangu havuti, dada. Nakuapia. Kwangu hakuna hata..." Hapo macho yake yakapanda. Yakafika kwenye kichanja. Pakiti ilikuwa pale ukingoni, imefunguliwa, na mimi nilikuwa nimesahau kuiondoa, au labda sikusahau.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno ya kutosha siku tatu. Yeye hakugomba. Aliitazama ile pakiti, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba uso wake ule wa upole una hasira ndani.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe nini? Sema."

"Unajua kwa nini aliachia kwangu?"

"Kwa sababu wewe mpole. Wewe unajua kuomba."

"Mimi sikumwomba kitu. Yeye ndiye aliyeniomba mimi. Alisema, 'Mama watoto amenisema miaka sita, na kila mara nilijaribu kimya kimya nikashindwa. Sitaki ashuhudie nikishindwa tena. Acha nijaribie kwako kwanza. Nikiweza ndiyo nimwonyeshe.'" Akavuta pumzi. "Kwa hiyo kwangu ndiko alikokuwa anatetemeka. Kwangu ndiko alikokuwa anafoka, anatupa bakuli, anasema ugali mbichi. Miko ile anayoichonga unadhani kanichongea mimi? Ni kazi ya kupoza mikono. Yote imepinda. Haigeuzi hata uji. Akimaliza mmoja ananiuliza, 'Huu mama watoto ataupenda?' Namwambia bado umepinda. Anaanza mwingine. Unadhani wewe peke yako una wivu, dada? Mimi nimekaa na mwanaume siku hizo zote ananiongelea wewe."

Chungu kilikuwa kinachemka, nikakiacha kimwagike.

Nilitaka kusema kitu kikali, kwa sababu mdomo wangu umezoea. Nikauliza tu, "Na karafuu?"

"Karafuu niliitoa mimi. Na kukaa naye. Akianza kutafuta moto natoka naye nje, tunapanda mpaka kwenye mipera tunarudi, hamu inapita. Akishindwa simsemi. Kesho tunaanza upya." Akainuka. "Basi, dada. Kama hutaki apone, niambie mimi niache kuhangaika. Kama unataka, moto wako uwe kama wangu, usimnyooshee." Akatoka, na hata kwaheri alinipa kwa adabu, jambo lililoniuma zaidi.

Asubuhi niliichukua ile pakiti nikapanda nayo msituni. Si mahali pa wanawake pale, wapasua mbao wanafanya kazi vifua wazi, lakini nilikwenda. Mwenzake alikuwa juu ya gogo, mume wangu ameketi ukingoni mwa shimo anapumua kwa shida. Nikampa mwenzake salamu, kisha nikasema kwa sauti, ili asikie vizuri.

"Shemeji, lile neno ulilosema juu ya mke mdogo ulirudishe. Hana kosa. Sigara zimetoka kwangu. Mimi nilizinunua, nikaziweka juu ya mafiga, na moto nilimpa mimi."

Yule mtu akauachia mpini wa msumeno. "Wewe? Wewe tuliyekuwa tunakusikia unamkaripia mpaka bonde la pili?"

"Mimi."

"Haya sasa! Umemlisha mwenyewe!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya gogo. "Kwa sababu gani, shemeji?"

Nilimtazama mume wangu. Hakucheka. Alikuwa anaiangalia pakiti mkononi mwangu, na nikaona anaitamani, hata wakati ule. Nikaitupa shimoni, nikasukuma vumbi la mbao kwa mguu mpaka ikafunikwa.

"Leo zamu ya nani?" akauliza.

"Yangu."

"Basi leo usininyooshee moto. Hata nikiuomba. Na usinisemeshe."

La kwanza lilikuwa jepesi. La pili ndilo lililonitoa jasho. Jioni ile alinyoosha mkono baada ya kula, nikaweka mkononi mwake kipande cha mti. Akakichonga, akakivunja, akakitupa mlangoni. Alisema makande yana mawe. Alisema watoto wana kelele kama mama yao. Nilikuwa nayo majibu, yamejaa mdomoni kama karafuu, nikayameza. Nikamshika mkono tukatoka, tukapanda kwenye ukungu mpaka penye mipera, tukarudi. Hatukusema kitu njia nzima. Nilijifunza kunyamaza nikiwa na watoto wanne, tena kwa kufuata alivyofanya mwanamke niliyekuwa sitaki hata kumtazama.

Mwenzake hakutafuta mtu mwingine. Hata hivyo mume wangu alianguka mara moja. Wakati ule Mwingereza alipotulimisha matuta kwa lazima, watu walipokuwa wanakusanyika na kunong'ona kuyapinga, alivuta sigara mbili kwenye kikao. Alikuja akaniambia mwenyewe kabla hajavua viatu, na siku hiyo haikuwa hata zamu yangu. Aliniambia mimi kwanza, ndipo akashuka chini kumwambia mwenzangu. Nilisimama nyuma ya nyumba nikaangalia anavyoingia kule. Sikuona haya kufurahi. Asubuhi nilipokutana na mke mwenzangu mtoni nikamwona uso wake ulivyofunga, nikaujua uso ule, kwa sababu mimi nilikuwa nao miezi yote ile. Nikampa nafasi kwenye jiwe zuri la kufulia. Akaikubali, ila hakunishukuru.

Baada ya zile mbili hakuvuta tena. Akaishi miaka mingi, akapasua mbao nyingi, zikashuka Mombo kwenye reli. Mwiko wangu niliupata mwishoni mwa mwaka ule, umenyooka kabisa, mpini laini. Watu wakiuona wanausifu.

Lakini ule wa kwanza, uliopinda kuliko yote, alioushika siku ya kwanza mikono ikimtetemeka, ulibaki nyumba ya chini. Nilimwomba mke mwenzangu anipe. Nikamwomba kwa upole, kama alivyonifundisha.

"Huo hapana, dada," akasema. "Wewe unao ulionyooka."

Niliuomba tena tulipokuwa wajane wawili, wazee, tunaota moto mmoja. Akaniambia vile vile. Unaning'inia kwake mpaka leo, na kila nikiingia ninautazama.